Bandari ya Kale Mombasa: Gati Lenye Manahodha Wengi

Uchumi wa bahari ukitajwa kwenye mikutano na kwenye taarifa za habari, macho yote huelekea Kilindini, Dongo Kundu na Lamu. Haishangazi. Mwaka 2024 Kilindini ilipitisha makontena zaidi ya milioni 2, kwa kipimo cha kontena la futi 20, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi Mei 2021. Huko ndiko kwenye kreni na pesa.

Lakini Mombasa ina bandari nyingine, ile iliyoupa mji huu jina na utajiri kabla ya kreni ya kwanza kusimamishwa Kilindini. Iko upande wa mashariki wa kisiwa, hatua chache kutoka Fort Jesus, ikitazamana na Nyali. Sisi wa Mji wa Kale twaiita Bandari ya Kale. Gati lake lipo. Ngazi zake za mawe bado zinashuka hadi majini. Vyombo vichache bado vinafunga kamba pale, na samaki bado wanauzwa karibu yake.

Sikusudii kulilia uzuri wa zamani. Wanaofanya hivyo ni wengi, na machozi hayajengi ukuta. Nauliza swali la kawaida la uongozi: jiwe la gati lile likiporomoka kesho, ni nani atakayewajibika? Nimelitafutia jibu katika Katiba na sheria zetu, na nililolipata linanitia wasiwasi. Wenye mamlaka hapo si wachache, ni wengi mno. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tulikotoka

Kwa karne nyingi bandari hii iliendeshwa na upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia, chumvi, vitambaa na samaki wakavu. Kusi ilipoingia Aprili yaligeuza matanga na kurudi na pembe za ndovu, nafaka, boriti za mikoko na, tusifiche, binadamu waliouzwa kama bidhaa. Anayeisimulia historia ya gati lile bila kuwataja hao anasimulia nusu.

Wareno walipojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 walijua wanalolifanya. Ngome iliwekwa pale ili mizinga yake ilinde mlango wa bandari hii. Chini ya maji, mbele ya ngome, yapo mabaki ya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome. Wataalamu wa mambo ya kale waliipigia mbizi na kuichunguza kati ya 1977 na 1980, na baadhi ya vitu walivyovitoa vinaonekana katika makumbusho ya ngome hadi leo.

Mwaka 1824 Wamazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa na waliomhofia Seyyid Said wa Oman, walimtaka Kapteni William Owen wa manowari ya Kiingereza HMS Leven awape ulinzi. Owen alikubali, akamwacha Luteni Reitz asimamie. Reitz alifariki miezi michache baadaye, na jina lake likabaki kwenye Port Reitz. Kufikia 1826 Uingereza ilikuwa imeshateremsha bendera yake na kuondoka. Yalikuwa mambo ya miaka miwili tu, lakini jina la manowari ile halijang'oka: ndilo lililo kwenye jumba la Leven, na kwenye ngazi za Leven zilizochongwa mwambani hadi majini, penye kisima cha maji matamu walichokitegemea mabaharia.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, ilifanya kazi zake katika jumba hilo hilo. Enzi hiyo watu na mizigo ya Mji wa Kale ilisukumwa na vijana kwa mikono, juu ya vigari vilivyopita kwenye reli nyembamba barabarani, hata Ndia Kuu.

Kisha mambo yakageuka. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza mwaka 1896, na Kilindini ndiko ilikoanzia. Jina lenyewe lilieleza sababu: ni mahali penye kilindi. Meli kubwa za mvuke zilihitaji maji marefu na nafasi ya kugeukia, na upande wetu haukuwa na nafasi hiyo. Magati ya maji marefu yalipokamilika Kilindini katika miaka ya 1920, moyo wa biashara ulikuwa umehama kabisa kutoka mashariki ya kisiwa hadi magharibi.

Bandari ya Kale ikabaki na majahazi, na majahazi hayakuondoka kwa siku moja. Mwaka 1938 na 1939 mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait lililoshuka pwani yetu likiuza bidhaa, hadi delta ya Rufiji lilikobeba boriti za kurudi nazo Ghuba. Biashara ile ilikuwa hai. Kilichoivunja ni mafuta ya Ghuba, yaliyoleta saruji na chuma mahali pa boriti na yakawapa mabaharia wa kule kazi nyingine zenye malipo mazuri. Hapa kwetu serikali nayo ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kuokoa mikoko. Uamuzi ule ulikuwa na faida yake kwa mazingira, lakini ulikata kamba nyingine iliyokuwa imefungwa kwenye gati lile.

Nimeieleza safari hii kwa sababu moja. Watu wengi hudhani Bandari ya Kale ilizeeka. Haikuzeeka, ilinyang'anywa kazi, kwanza na kina cha maji, kisha na mafuta, kisha na sheria. Na gati lisilo na kazi halina mlinzi. Nahodha anayefunga chombo chake kila wiki ndiye anayekuwa wa kwanza kuona jiwe limecheza. Akiondoka nahodha, jicho hilo linaondoka naye.

Mawe yanavyoliwa

Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ngazi zake za bandarini zimechongwa katika mwamba uo huo wa matumbawe. Jiwe hili linapumua: linanyonya maji na kuyatoa. Maji ya bahari yakikauka ndani yake, chumvi huganda kwenye vitundu vyake, ikavimba, ikapasua jiwe kidogo kidogo kutoka ndani. Hapa Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukuta hulowa na kukauka mara mbili kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Chini nako, mawimbi huchimba msingi. Unaweza kuona ukuta umesimama sawasawa kwa juu kumbe chini una pango.

Liko kosa jingine tunalolifanya kwa nia njema. Ukuta ukipata ufa, fundi anaitwa anauziba kwa saruji. Saruji ni ngumu, haipumui, na inayafungia maji ndani. Jiwe la matumbawe lililo nyuma yake huoza kimyakimya, na siku saruji inapobanduka inaondoka na kipande cha ukuta wenyewe. Mafundi wa chokaa wa zamani walilijua hili bila kwenda chuo. Walichoma matumbawe tanuuni, wakaizimua chokaa kwa maji na kuiacha ikomae kabla ya kuitumia. Ufundi huo bado unapatikana Lamu, na hapa Mombasa wapo wachache wanaoujua. Wakiisha, hata tukipata pesa hatutakuwa na mikono.

Majirani zetu wa Zanzibar wametupa somo la uchungu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, iliporomoka na kuua watu. Jumba lile lilikuwa maarufu duniani na lilikuwa ndani ya eneo la urithi wa dunia. Umaarufu haukulizuia kuanguka.

Hapa kwetu somo zuri lipo karibu vilevile. Bahari ilipoanza kuutafuna mwamba ulio chini ya Fort Jesus, ulijengwa ukuta wa kuyazuia mawimbi. Kwa nini iliwezekana pale? Kwa sababu ngome ina mwenyewe anayejulikana, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na ikianguka kuna ofisi itakayoulizwa. Gati liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ngomeni, maji ni yale yale na mawimbi ni yale yale. Tofauti ni mwenyewe.

Katiba inasemaje

Tuifungue Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Usafiri wa baharini ni kazi ya serikali kuu. Majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa pia ni ya serikali kuu. Lakini vivuko na bandari ni kazi ya kaunti, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Makumbusho ya mahali, utalii wa mahali na uvuvi navyo vimetajwa upande wa kaunti.

Tuongeze Kifungu cha 62. Ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, inayosimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya wananchi. Halafu kuna Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006, inayoipa Makavazi ya Kitaifa jukumu la kulinda maeneo ya urithi, na Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu 1990. Shughuli za bandari yenyewe ziko chini ya Halmashauri ya Bandari. Wavuvi nao wana vikundi vyao vya kusimamia fuo, BMU.

Sasa simama juu ya ngazi moja ya Leven na uhesabu. Jiwe unalolikanyaga ni la urithi, kwa hiyo ni la Makavazi. Maji yakijaa yakalifunika, ni ardhi ya umma na Tume ya Ardhi inahusika. Chombo kinachokuja kufunga kamba ni cha Halmashauri ya Bandari kikitoka nchi nyingine, na cha kaunti, kwa maandishi ya Katiba, kikiwa kivuko cha watu wa hapa. Samaki aliyemo ni wa kaunti. Mtalii anayepiga picha ni wa kaunti pia, mradi mlinzi wa lango amruhusu. Ngazi moja, ofisi nne au tano!

Simlaumu mtu katika hili, wala sidai kuna ofisi iliyokaa ikaamua kulitelekeza gati. Ninachosema ni kwamba mpangilio wenyewe unazalisha kutelekezwa. Kila ofisi ina sababu halali ya kungojea nyenzake ianze. Na chumvi haingoji barua.

Hoja za upande wa pili

Nimewasikiliza wanaoliona jambo hili kwa jicho jingine, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema usalama. Bandari ndogo yenye vyombo vidogo ni mlango rahisi wa magendo, kwa hiyo afadhali lango lifungwe na watu wawe wachache. Ni kweli kwamba magendo hupenda bandari ndogo. Lakini magendo hupenda zaidi mahali pasipo na macho. Gati lenye wavuvi, wanafunzi, waongozaji watalii na mama anayeuza mahamri lina macho mia moja. Forodha na polisi wabaki, na sehemu ya mizigo iwe na uzio wake. Hilo halizuii ngazi za kihistoria na ukingo wa maji kufunguliwa kwa raia kwa saa maalumu.

Wa pili husema pesa. Hospitali hazina dawa, mifereji ya maji taka inafurika, na nyinyi mwataka kuyapaka mawe chokaa. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu mimi pia nanunua maji ya mtungi. Lakini ukuta usiotengenezwa leo ni gharama kubwa zaidi kesho: nyufa chache huzibwa kwa chokaa na mafundi wachache, ilhali ukuta ulioanguka hudai mkandarasi, mitambo na mkopo. Na pesa za utalii ambazo Mombasa inazitegemea huja kwa sababu mgeni anakuta kitu ambacho hakipo Dubai.

Wa tatu husema mwekezaji. Apewe mtu mwenye mtaji ajenge hoteli na mikahawa, gati lipendeze. Hapa nina wasiwasi. Zanzibar iliikarabati bustani ya Forodhani mwaka 2009 kwa msaada wa shirika la Aga Khan, na wenyeji bado hukaa pale jioni wakala urojo na mishikaki kando ya wageni. Ukarabati wa namna hiyo naukubali. Lakini ukarabati unaoanza kwa kumfukuza mvuvi ili mgeni apate mahali pa kumpiga picha mvuvi, huo ni mchezo wa kuigiza. Gati likikosa vyombo linakuwa ukuta tu wenye mandhari.

Kifanyike nini

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

La kwanza ni nahodha mmoja. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali kuu na kaunti zishirikiane, na Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kwa makubaliano kutoka serikali moja hadi nyingine. Nairobi ilikitumia kifungu hicho mwaka 2020 kwa mambo makubwa zaidi ya gati. Wahusika wa Bandari ya Kale waketi, waandike ni ofisi ipi itakayoshika dhamana ya ngazi, ukuta na ukingo wa maji, na zile nyingine zichangie nini. Makubaliano yachapishwe ili raia ayasome.

La pili ni ukaguzi. Kabla ya kumwaga mchanga hata toroli moja, wataalamu waupime ukuta wote, juu na chini ya maji, wapige picha na wachore kila ufa. Bila rekodi hiyo hatutajua jiwe lipi lilianguka lini, na kila mkandarasi atatuambia lolote.

La tatu ni kazi. Gati lirudishiwe vyombo. Mahali pa mafundi wa majahazi pa kukokota na kukalafati, bei nafuu ya kufunga kamba kwa mashua za wavuvi, safari fupi za wenyeji na wageni kwenda Nyali na kuzunguka kisiwa. Ukarabati wa ukuta uwe darasa la vijana wa mtaani kujifunza chokaa. Kijana wa Kibokoni au Kuze akijua kwamba mkono wake ndio uliotia lile jiwe, hatakubali mtu alibomoe usiku.

La nne ni kumbukumbu. Wapo wazee mjini hapa waliokuwa mahamali, makarani wa forodha na mabaharia katika miaka ya mwisho ya majahazi ya Ghuba. Wanajua majina ya sehemu za gati ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Kila msimu tunamzika mmoja wao. Kurekodi sauti zao hakuhitaji bajeti ya serikali. Shule mbili za mtaa na simu za mkononi zatosha kuanza. Na simulizi hizo zisikwepe habari za watumwa waliopitishwa hapa. Ng'ambo ya maji, Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa, bado ina kengele yake, na wajukuu wa watu hao ni majirani zetu.

Sheria ya fedha za umma inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kutoa maoni juu ya mipango na bajeti. Vikao hivyo hutangazwa, na mara nyingi viti huwa vitupu. Wakazi wa Mji wa Kale, wavuvi, waongozaji watalii na walimu wa historia, tukijaza viti hivyo tuulize swali moja tu, na tusiondoke bila jina la ofisi: gati la Bandari ya Kale ni dhamana ya nani? Jibu lisipotolewa, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba halikutolewa, na kikao kijacho tuulize tena.